Kikunjo

Kwanza tulicheka.
Asingecheka nani? Ubao umeegeshwa barazani,
Shangani, mchana kweupe, chaki nyeupe:
TAKO LA SAMAKI, ELFU MBILI.
Vijana wa bodaboda wakazima pikipiki
wakauliza kama samaki siku hizi anakaa kitako.
Bi Somoe akatoka na kitambaa kilicholowa,
akafuta neno moja tu. Akaacha LA SAMAKI.
Siku tatu palikuwa na uwazi pale mbele,
mpaka mjukuu wake akapajaza: KIKUNJO.
KIKUNJO LA SAMAKI.
Mwalimu Hokororo hupita, husoma, hukunja uso,
kisha huagiza viwili.

Chakula chenyewe Mfaume alikitoa kwenye meli ya gesi,
enzi zile helikopta zikipita juu ya paa zetu
na chumba cha kupanga kikipanda bei kati ya magharibi na alfajiri.
Alikuwa akimenya viazi tumboni mwa chuma,
chini ya mpishi wa Meksiko, jina lake Eusebio,
jina ambalo, anasema, ukiliita njiani Ndanda
wanageuka watu watatu.
Hawakuwa na lugha. Walikuwa na mahindi.
Eusebio alimwonesha kwa viganja: kanda, bapa, choma,
kunja.
Mfaume naye akamfunza kusema "pole".

Meli iliondoka. Sijui nani aliiaga.
Mfaume akarudi na aproni, na kisu,
na mkono uliozoea kukunja
kitu ambacho hapa kilikataa kukunjika.
Sembe yetu ilipasuka kikaangoni,
ikapasuka mkononi, samaki chini, paka juu ya samaki.
Wiki mbili. Mama yake anachambua mchicha,
anatazama, hasemi.
Siku ya kumi na tano akanyanyuka,
akatia konzi moja ya unga wa muhogo,
maji ya moto,
akaukanda kama anamkanda mzazi.
Ukakunjika.
"Kwani huko kwao hawana muhogo?"
Hakuna aliyejua.

Mimi nabangua korosho.
Jumamosi tunapimiwa: nzima kwa bei yake,
vipande kwa bei ya kukejeliwa.
Mafuta ya ganda yameshavila vidole vyangu,
kwa hiyo ndimu ikinigusa napiga kelele kwa ndani.
Nakaa benchi la ukutani, lile lenye msumari.
Nampa Mfaume kifuko cha vipande,
anavikaanga, anavitwanga nusunusu,
anavinyunyiza juu ya kolekole wa moto,
juu ya embe bichi iliyokatwa nyembamba kama kucha.
Pilipili haibishi hodi. Unashtukia imo ndani, imekaa.

Tunakula tumelaza shingo upande mmoja, sote,
karani wa bandari, mama muuza vitumbua, Mwalimu,
kama watu wanaosikiliza ukuta wa jirani.
Mchuzi unashuka kiganjani, unapita saa,
unaulizia kiwiko.
Bahari ipo pale mbele. Hakuna anayeitazama.

Na Mfaume, mgongo kwetu, uso kwenye moshi,
huuliza kila mmoja akishauma mara ya kwanza:
"Kimekunjika au kimevunjika?"
"Kimekunjika!" tunajibu midomo imejaa,
naye anatikisa kichwa, si kwetu,
kwa mtu mwingine, mbali.

Leo changu kilivunjika.
Uma wa pili tu, kikafunguka katikati ya kiganja,
embe huku, mnofu kule,
korosho zangu zikimwagika mapajani,
vipande vya vipande.
"Kimekunjika au kimevunjika?"
Nikafumba mkono. Nikameza.
"Kimekunjika," nikasema,
nikaanza kuokota, kimoja kimoja, kutoka kwenye khanga.

Bi Somoe aliniona.
Hakusema kitu. Akaja na kingine,
bila sahani, juu ya kiganja chake mwenyewe,
akakiweka juu ya changu.