Kabla Sijakupa Ufunguo

Ingia, Iolo. Viatu usivue.
Ngozi hii, ijapokuwa rangi ya malai,
imekwisha kukaliwa na mwanakondoo yatima,
na mbwa aliyetoka mtoni,
na kasisi wetu mwenye suruali mpya
asijue nani aliketi kabla yake.

Emrys alilinunua mwaka tulipouza malisho ya chini.
Majirani wakanong'ona: gari la kifahari, kwa mfuga kondoo!
Yeye akasema mvua ya Wales haichagui mlango.
Kitabu chake hiki. Kurasa mia nne na ushei.
Usikisome chote; nami sikukisoma
mpaka nilipolazimika.

Sikia basi.
Ukikuta mlima, simama kwanza.
Gia ya nguvu haiingii kwa papara:
gari litulie, gia uiweke huru,
kisha bonyeza hapa penye picha ya kilima.
Litanguruma kidogo. Liache, ndiyo desturi yake.
Kwenye kuteremka, ondoa mguu kwenye breki
uliachie gari lijizuie lenyewe.
Najua, moyo unakataa. Wangu ulikataa miezi sita.

Mto: shuka wewe kwanza, na fimbo.
Maji yakipita goti, rudi nyumbani ukanywe chai.
Yasipopita, liinue gari, ngoja taa iache kupepesa,
uingie taratibu, wala usisite katikati;
wimbi linakutangulia, lifuate kwa mwendo wake.
Ukifika ng'ambo gusa breki mara mbili tatu, zikauke.
Aliyevuka asisahau kuwa amelowa.

Sasa tela.
Mpira wa kuvutia uko nyuma ya kifuniko hiki.
Kinakwama. Kipige ngumi.
Funga komeo, kisha litikise kwa mikono, usiamini macho.
Waya wa usalama, plagi ya taa,
na mtu wa kusimama nyuma aseme kushoto, kulia, breki.
Mtu huyo nilikuwa mimi, miaka kumi na tisa,
nikipaza sauti upeponi: Inawaka! Inawaka!
Siku hizi narudi nyuma hadi dirisha la jikoni
nazisoma taa kwenye kioo.

Mzigo mzito ukae juu ya magurudumu, usiurundike mkiani.
Farasi akiwa mmoja, asimame upande wa dereva,
maana barabara zetu zimeinamia mtaroni.
Kurudi nyuma, shika usukani chini kabisa:
mkono ukienda kushoto, tela nalo kushoto.
Emrys alinifundisha hilo kwa toroli na kamba,
tukacheka mpaka kuku wakakimbia.

Na likianza kuyumba, nalo litayumba,
kwenye mteremko wa Dinas, upepo ukija ubavuni,
usikanyage breki. Usiongeze mwendo.
Usishindane na usukani.
Legeza mguu tu, shika ulivyoshika,
ungoje mkia uchoke.
Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili.
Niliusoma wiki ya mazishi, saa nane za usiku,
na wala sikuwa na tela.

Likiharibika, wasilikokote magurudumu yakiwa chini.
Libebwe mgongoni mwa lori, yote manne juu.
Kijana wa gereji atabisha. Mwoneshe kitabu.

Basi, hakuna zaidi. Dizeli, si petroli.

Ah, vitufe vya kiti, hapa mlangoni.
Cha pili ni changu, kifute.
Cha kwanza ukikibonyeza kiti kitarudi nyuma chenyewe,
polepole, kitashuka, kitalala kidogo,
kama kinampisha mtu mwenye miguu mirefu.
Nilikuwa nikikibonyeza jioni, nimesimama nje,
mlango wazi, mvua ikiingia.

Gari ni lako. Fanya upendavyo.
Ila si leo, hapa uani, mbele yangu.