Kijani Kilichochelewa

Siku saba nimezifungia kabatini
mbegu za ngano zilizotoka Bukwo, mlimani.
Zimeota bila kuujua mchana:
shingo ndefu, nyembamba,
manjano kama vifaranga vya siku moja.
Hazina kosa. Gizani hakuna wa kuzifundisha kijani.

Trei ya kwanza inakunywa maji matupu.
Ya pili, chumvi kidogo.
Ya tatu, chumvi ambayo wewe ungeitema.
Chupa ya chuo iliisha mwezi wa pili;
Bwana Tumuhairwe akaandika barua ya kuomba nyingine,
barua ikaenda Mbarara, haijarudi.
Basi nikachukua ya nyumbani, Katwe,
nikaiyeyusha, nikaichuja mara tatu kwa leso,
nikaandika kwenye daftari: chanzo, ziwa.
Sikuandika: chanzo, mama.

Mama ana kidimbwi cha chumvi
kipana kama kitanda cha watu wawili.
Jua likikaza, anakwangua. Mvua ikinyesha, anahesabu hasara.
Gunia moja, sare yangu. Manane, karo ya muhula.
Wanunuzi wa Kongo walikuja na malori,
wakibishana naye bei kwa Kiswahili cha haraka,
nami juu ya magunia nikajifunza kutoa na kujumlisha.
Kila nijualo kuhusu nuru na jani
lilinunuliwa kwa chumvi.

Saa mbili asubuhi nafungua kabati.
Saa nne, trei ya kwanza ina kijani nchani,
kidogo, kama wino uliogusa karatasi mbichi.
Saa sita umeme unakatika.
Nazibeba trei zote dirishani
mbiombio, kama mtu anayeanua nguo.
Saa kumi, ya kwanza ni shamba.
Ya pili inafikiri.
Ya tatu, manjano.

Na jua ni lilelile! Hilo ndilo linalonisumbua.
Nuru imegonga mlango wa kila jani bila upendeleo,
lakini kwenye trei ya tatu chumvi iliwahi kufika,
ikabana mizizi isinywe,
ikawapunguza mafundi wa ndani mmoja mmoja,
hata ile malighafi inayongoja mwanga igeuke klorofili
ikawa ya kuokoteza.
Nuru inaingia, inakuta karakana tupu.
Maji yapo hapo mguuni, mche una kiu.

Naponda majani kwenye kinu. Asetoni inanuka kama saluni.
Kimiminika cha kwanza: chupa ya soda.
Cha tatu: chai ya mgonjwa.
Mashine inatoa namba,
na namba ya tatu haifiki robo ya ile ya kwanza.
Naiandika. Mwandiko wangu ni mzuri, hautetemeki.

Jioni mama anauliza kwenye simu nimeshindaje.
Nimeizuia ngano isiwe kijani, nasema.
Anacheka. "Kwa chumvi yangu?"
Kwa chumvi yako.
Kimya. Namsikia akijikuna miguu,
sauti ya ukucha juu ya magamba;
sauti hiyo naijua kuliko wimbo wa shule.
"Zioshe basi," anasema.
"Mimi nikitoka ziwani huoga maji ya bomba.
Si kwamba inatoka yote."

Daftari halina safu ya jambo hilo.
Tumuhairwe alisema: ukimaliza kupima, tupa.
Nimebakiza miche sita.
Nimeisuuza mizizi yake kwa vidole, polepole,
nikaihamishia kwenye maji ya mvua
ndani ya kopo la majarini,
na usiku huu kabati liko wazi.

Asubuhi, mitano iko kama jana.
Wa sita, nikiuinua dirishani
na kufumba jicho moja,
pengine.