Kisima cha Arubaini na Moja

Jumanne, kabla jua halijawa shari,
nashusha utepe kisimani taratibu,
kama mtu anayemlaza mtoto.
Nchani una king'ora kidogo: ukigusa maji hulia.
Mita kumi na tano, kimya.
Kumi na sita, kimya.
Kumi na saba na nukta nne: piii.
Naandika.
Mwezi jana ilikuwa kumi na saba na nukta moja.
Sentimita thelathini. Kimo cha ndoo.
Nani kainywa ndoo hiyo, daftari haliulizi.

Nina visima sitini na viwili, toka Barka mpaka Khabura.
Vingine vina vifuniko vya chuma na namba za rangi,
vingine viko nyuma ya majumba ya watu;
hapo nabisha hodi kwa Kiarabu, najibiwa kwa Kiswahili:
"Wa nani wewe, mwanangu?"
Na kabla sijapima nimeshapewa kahawa, tende,
na habari za Wete za mwaka nisiouzaliwa.

Wadi ikija, huja na kelele.
Mara moja kwa mwaka, mara mbili, hubeba gari, hubeba mbuzi,
kisha hurudi kuwa njia ya mawe.
Watu huipiga picha.
Hakuna apigaye picha kisima.
Kisima hushuka kwa adabu,
kama mgeni aondokaye asikatize mazungumzo.
Na bahari, iliyo kilomita tatu tu, nayo ina adabu yake:
palipoachwa wazi, huketi.

Kisima cha arubaini na moja, hapa Suwaiq,
ni cha Ami Zahran. Hapa sibishi hodi.
Hapa nilijifunza kutembea.
Ndimu zilikufa kwanza, mimi niko darasa la sita:
majani yakaungua kingoni
kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto.
Kisha migomba.
Mitende imebaki kwa ukaidi,
tende zake kokwa zilizovishwa ngozi.
Kila mwaka ami akisema, "Mvua tu, mvua tu,"
na kila mwaka akichimba mita mbili zaidi.

Shafiqul, mwendesha pampu,
alinionesha bomba lililoota ukoko mweupe.
Akaukwangua kwa ukucha, akaonja, akatema.
Hakusema neno. Pampu ndiyo mshahara wake.

Nikachovya kipimo cha chumvi.
Tarakimu zikapanda, zikasita, zikapanda,
zikatua: elfu nane na mia moja.
Ami alikuwa amesimama nyuma yangu,
namsikia kwa harufu ya udi.
"Ghaniya," akasema, "elfu saba na nusu nayo si namba?"

Ni namba, ami.
Ni namba nzuri, ya mwaka juzi.
Ningeiandika, pampu ingenguruma mpaka Idi,
na bahari isingesoma daftari langu.

Niliandika elfu nane na mia moja.
Kalamu ilikwama kwenye nane; nikairudia juu yake.
Ami akaenda kutazama mtende usio na haja ya kutazamwa.

Bibi Shinuna alikuwa barazani na birika.
"Umeandika?"
"Nimeandika."
"Maziwa yanakatika kwenye chai ya nyumba hii
tangu Ramadhani ya mwaka juzi," akasema.
"Hicho kidude chako kimechelewa."
Akanimiminia chai ya rangi,
kwa maji ya chupa, ya dukani,
akaangalia kama nitaomba sukari.

Kumekucha kabisa. Vimebaki visima ishirini na kimoja.
Naukunja utepe, naufuta kwa kitambaa,
naanika kitambaa juu ya usukani.
Nikifika cha arubaini na mbili kimeshakauka,
kigumu, kimekunjamana,
kinasimama chenyewe.