Hasi Tisa Nukta Nne

Umeme wa Isevya hurudi saa sita usiku,
majirani wakishalala na pasi zao.
Ndipo ninapowasha kompyuta iliyofungwa kwa utepe
na kumwaga ndani yake mti mzima wa mlama:
si gome, si mizizi, majina yake tu,
molekuli mia mbili kumi na saba
zilizoandikwa kwa herufi na mabano
kama madeni ya dukani.

Kila moja inajaribiwa kwenye protini ya uvimbe.
Mama, alipokuja kliniki Kitete, nilimweleza hivi:
ni kama mitumba ya Jumamosi,
mguu mmoja, viatu lundo,
na mashine haichoki kuinama.
Akacheka, akilikanda goti lake
lililojaa kama kibuyu cha asali kilichosahauliwa juani.
"Na kiatu kinachobana ndicho mnachokitaka?"
Ndicho, mama. Kinachobana, kisichovuka.

Saa tisa majibu yanakuja.
Namba ishirini na mbili, niliyoitegemea,
inateleza na kutoka.
Namba mia na nne, ambayo hata sikuitilia maanani,
inakaa: hasi tisa nukta nne.
Kadiri inavyozidi hasi ndivyo inavyoshika.
Mama amelima tumbaku misimu kumi na minane;
kwake hasi ni jambo moja tu,
karani wa chama cha msingi
akiigeuza karatasi isionekane.

Kisha safu ya mwisho ya jedwali,
ile ambayo mwenye furaha haisomi:
ini, shaka.
Na yeye hunywa kikombe asubuhi, kikombe jioni,
tangu mwaka ule wa mvua nyingi.
Mashine haikijui chungu. Haijui
kwamba huchemsha, humwaga maji ya kwanza,
hutia mengine, huonja kwa ncha ya ulimi.
Labda shaka humwagika na maji ya kwanza.
Labda dawa pia.

Kulipokucha nikampigia. Sikutaja ini.
Nilisema: niletee gome jingine,
na yale maji unayoyamwaga.
Kimya. Jogoo wa Urambo.
"Mlama wa kwa Mihayo uliingia banini wiki iliyopita.
Umekausha tumbaku siku tano.
Ulikuwa na moto mzuri."

Nimehifadhi faili.
Mti wote umo humo,
hauna kivuli, hauna moshi,
na penye maji ya kwanza
nimeacha wazi.