Doria ya Saa Tisa

Asubuhi ya kwanza nilidhani paa limevuja.
Kabale mvua haibishi hodi.
Nikatazama mabati: makavu.
Nikatazama chini: mkondo mwembamba
umetoka mlangoni, umefuata ufa wa saruji
hadi ndani ya kiatu changu cha kushoto.

Koplo alikuwa pembeni, masikio yamelala,
anautazama ukuta kama askari
aliyekutwa amesinzia lindoni.

Miaka saba na mbwa huyu.
Miaka saba, hata tone.
Alilala nje, kwenye banda la kuni,
mpaka Januari walipotupa nyama yenye sumu
wakaua mbwa watatu wa mtaa wa juu, usiku mmoja.
Nikamwita ndani. Nikafunga makomeo mawili.
Nikamwambia, sasa uko salama.
Choo kitakuwa wapi, sikumwambia.

Siku ya pili nilimkemea kwa sauti ya kambini,
ile niliyowaamshia makuruta.
Siku ya tatu nikamshika shingo
nikaisogeza pua yake karibu na kosa lake.
Siku ya nne alikwenda kukojoa nyuma ya kochi.
Hicho ndicho alichojifunza kwangu:
kujificha.

Kenyangi, ambaye ndiye anayesugua, akasema:
"Mbwa wako au mimi."
Halafu akaongeza, maana ni mtu wa haki,
"Na Jiki imekwisha."

Daktari wa mifugo, kijana, Tumuhimbise,
alikuja na pikipiki na kichupa,
akakinga mkojo, akauinua juani
kama mpika waragi anayekagua kazi yake.
"Hana ugonjwa. Mzee, anakula saa ngapi?"
Saa tatu usiku, tukishamaliza sisi.
Ukoko wa posho, mchuzi, maji bakuli zima.
"Na anatoka saa ngapi?"
Saa kumi na mbili, kukipambazuka.
Akahesabu kwa vidole, polepole, mbele ya uso wangu:
saa tisa nzima.
"Wewe ungeweza?"

Nikacheka. Kenyangi hakucheka.
Aliingia chumbani, akainama, akavuta kutoka mvunguni
nusu jerikeni la njano, lililokatwa kwa kisu,
langu, mwaka wa nne sasa,
akaja akaliweka mezani mbele ya mgeni.

Basi.

Siku hizi Koplo anakula jua likiwa bado kilimani.
Bakuli la maji linaondolewa baada ya taarifa ya habari.
Sakafu inasuguliwa kwa siki na maji ya moto,
harufu ile isimwite tena;
Jiki tumewaachia mashati.
Na saa tisa ya usiku, kibofu changu kikipiga king'ora,
naliruka jerikeni, navaa koti la jeshi,
nafungua komeo la kwanza, la pili,
tunatoka.

Baridi inakata masikio.
Ukungu umeimeza nyumba ya Byaruhanga pamoja na taa yake.
Yeye ana mkaratusi wake, mimi nina ua wangu wa matete.
Hatutazamani. Hata jeshini ilikuwa hivyo.
Yeye humaliza kwanza.
Mimi, kwa umri huu, husimama tu, nasubiri,
nasubiri,
naye hukaa kwenye umande akinilinda,
hanikemei,
hanishiki shingo.

Jumanne sakafu kavu. Jumatano kavu.
Kenyangi akaanza kumwita kwa jina.
Alhamisi usingizi ulinizidi,
na kulipokucha nikakuta dimbwi,
si nyuma ya kochi: mlangoni,
chini kabisa ya komeo,
na kwenye mbao alama mpya za kucha.
Alikuja zamu kwa wakati.
Mimi ndiye sikutokea.

Nikachukua tambara kabla mke wangu hajaamka,
nikapiga magoti.
Koplo akaja, akanusa chupa ya siki,
akapiga chafya,
akalala karibu na mkono wangu uliokuwa ukisugua.