Ritifaa

Mwezi wa tatu huu Ng'wandu Masunga hajalipwa.
Kakata mkonge Kigombe, mafungu yake yamehesabiwa,
yameandikwa kwa kalamu, yamepigwa mhuri,
na mashine, kila tarehe ishirini na nane, inasema:
Kazi imekamilika.

Nimekaa chumba cha juu, Barabara ya Nane, Ngamiani.
Feni inakoroma. Chai ya Mwanakheri imepoa, imeshika utando.
Nasoma msimbo wa aliyenitangulia,
fundi hodari, sasa yuko Dodoma, simu hapokei.
Mstari wa mia mbili na kumi na nne:
jaribu hiki; kikishindikana,
halafu mabano mawili, katikati tupu.
Si neno, si namba, si hata kikohozi.
Kosa likija hapa linapokewa mlangoni,
linavuliwa viatu, linalazwa, linafunikwa shuka,
na asubuhi hakuna anayeuliza mgeni kaenda wapi.

Nikaufuta ule ukimya. Nikaandika: sema.
Ikasema. Ikapiga yowe, kioo kizima chekundu:
karibu na wandu, sielewi.

Karibu na wandu!
Hifadhidata ilisikia Ng,
ikaona kimkia kinaning'inia juu,
ikadhani nukuu imefungwa, jina limekwisha,
na mtu aliyebaki, baba wa watoto wanne,
akawa takataka nyuma ya alama.

"Kitoe tu," ananiambia Semhando wa masjala.
"Nani atajua?"
Toa, basi. Ng'oa iwe ngoa,
jembe ligeuke wivu.
Na benki wanataka jina la kitambulisho, herufi kwa herufi.

Sikulishona tena jina ndani ya swali.
Niliacha nafasi, alama ya kuuliza peke yake,
kama kiti mbele ya meza ya karani,
na jina likaja baadaye, likakaa, na mkia wake.
Safu moja imebadilika.

Ningelala hapo. Lakini lile neno sema
lilikuwa bado linafanya kazi.
Saa kumi alfajiri daftari la makosa lilikuwa na majina kumi na moja:
Ng'hambi, Ng'osha, Ng'wigulu…
hao hawakuwahi kuja kulalamika.

Kulipokucha nikaanza kupiga simu.
La kwanza nililitamka vibaya.
"Ndiye mimi," akasema,
kama mtu aliyezoea.