Moto Uliozaa Upepo

Moto ninaoufahamu mimi una mlango wa chuma.
Naufungua saa tisa usiku, naulisha kuni za mwaloni,
naupekua kwa koleo, nao hunipa mikate mia mbili
kabla Dona Zulmira hajafungua dirisha lake.
Ni moto wa kutumwa. Una adabu zake.

Ule wa Agosti haukuwa na mlango.

Tulikuwa wanne garini, wote wa kujitolea:
Belmiro fundi viatu, Adérito na mwanawe Nélio,
na mimi, unga ungali kwenye nyusi.
Saa kumi alasiri, na Vale Torto nzima ni giza,
ndege wamekwisha kwenda kulala.
Mikalitusi ilipasuka bondeni mmoja baada ya mwingine,
mafuta yake yakinukia kama dawa ya kuchua kifua.

Halafu kimya.
Upepo ulikatika, na Adérito akasema,
"Unavuta pumzi."

Wahenga walisema moto huzaa majivu.
Huu ulizaa upepo,
na upepo ukamrudia mama yake, ukamshika kiuno,
wakaanza kuzunguka,
taratibu kwanza, kama maziwa yakikorogwa,
kisha nguzo ikasimama.
Nasema nguzo, si ndimi.
Ilikuwa na shingo. Ilikuwa na sauti
ya treni inayokuja na haifiki.
Iling'oa bati la ghala la Zulmira, ikalikunja kama barua,
ikainua mizinga yake ya nyuki, kumi na minne,
nami nikaihesabu ikipanda (kwa nini nilihesabu?)
mmoja mmoja, kila mmoja na taa yake.

Maji ya mpira wangu yalitoka membamba
kama mkojo wa mtoto.
Belmiro alinivuta kwa mkanda. Tukalala mtaroni,
midomo kwenye udongo, tukinyonya hewa ya mizizi.

Ikapita.
Ilivuka mto bila kulowa,
ikachokea juu ya makaburi, ikaanguka
kama nguo inayovuliwa.

Zulmira tulimkuta ndani ya birika la kunyweshea mbuzi,
mzima, nyusi hana.
Aliulizia nyuki.
Nélio alimwangalia baba yake, baba yake akaniangalia mimi.

Siku ya nne niliufungua mlango wa tanuri.
Alikuwa humo, mdogo, mwekundu, analamba tofali,
ananisubiri nimpulizie kama kawaida.

Nilibana pumzi.